ASKARI AVUKA MPAKA, FAILI LABAKI NYUMA



Katika nchi ya Marekani, askari wa polisi akitaka kuacha kazi katika jimbo moja na kuianza katika jimbo jingine, njia iko wazi. Sare atapewa mpya, bastola atapewa nyingine, na beji yake itaandikwa jina la mji mpya. Kitu kimoja tu ndicho mara nyingi hakimfuati: habari za mambo aliyoyatenda alikotoka. Mtu avuka mpaka, faili labaki kabatini. Sisi twasema desturi hiyo ni mbaya, imekwisha kumwaga damu, na haina budi kukomeshwa.

Wako watakaouliza, “Haya ya Marekani yatuhusu nini sisi?” Yatuhusu sana. Ndugu zetu wako huko kwa maelfu. Wako Wakongo waliokimbia vita, wako Wakenya na Watanzania waliokwenda kusoma na kufanya kazi. Ukipita Dallas au Minneapolis utasikia Kiswahili dukani na kanisani na msikitini. Watu hao hulala na kuamka chini ya ulinzi wa askari wasiowajua, nao wana haki ya kuulizia askari hao wametoka wapi.

Tarehe 4 Aprili 2022, Patrick Lyoya, kijana wa Kikongo mwenye umri wa miaka 26, alisimamishwa na askari akiwa na gari lake katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan. Dakika chache baadaye alikuwa amelala kifudifudi chini, amepigwa risasi ya kichwa. Baba yake alisimama mbele ya dunia akalia kwa Kiswahili, na mkalimani akayageuza maneno yake kwa Kiingereza. Askari yule alifukuzwa kazi mwezi wa Juni 2022, akashtakiwa kwa kosa la kuua. Mwezi wa Mei 2025 wazee wa baraza hawakupatana katika uamuzi wao, na mwendesha mashtaka akasema hatamshtaki tena. Hatusemi kwamba askari huyo alikuwa ametoka jimbo jingine. Twataja kifo hicho ili msomaji ajue kwamba tunapozungumza juu ya polisi wa Marekani tunazungumza juu ya watu wanaoshika bunduki mbele ya watoto wetu. Mzazi anayelia kwa lugha yetu si mgeni kwetu.

Basi na tulieleze jambo lenyewe, maana mtu hawezi kupinga asichokijua.

Huku kwetu Tanzania polisi ni jeshi moja chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Konstebo wa Mtwara akihamishiwa Mwanza, amebaki kuwa askari wa jeshi lile lile, na mkuu wake wa mwisho ni yule yule. Kenya nayo ina polisi ya taifa. Marekani sivyo. Huko hakuna jeshi moja la polisi la nchi nzima. Kuna idara zipatazo 18,000, kubwa kwa ndogo: za miji, za wilaya chini ya masherifu, za majimbo, hata za vyuo vikuu na za reli. New York peke yake ina makumi ya maelfu ya askari, na viko vijiji vyenye askari mmoja tu, naye pengine hafanyi kazi siku zote.

Kwa hiyo neno “uhamisho” ladanganya. Askari wa Ohio hahamishwi kwenda Texas. Huacha kazi Ohio, kisha huomba kazi Texas kama mtu mwingine yeyote. Kila jimbo lina bodi yake inayotoa cheti cha uaskari, na cheti cha jimbo moja hakimpi mtu ruhusa ya kushika watu katika jimbo jingine. Bodi ya jimbo jipya huyatazama mafunzo yake ya zamani, humpunguzia masomo, humfundisha sheria za huko, kisha humtahini. Florida, kwa mfano, humtaka askari wa jimbo jingine awe amekwisha fanya kazi hiyo mwaka mzima. Humpima tena katika kulenga shabaha, kuendesha gari, kujihami kwa mikono na huduma ya kwanza, halafu humtia katika mtihani wa jimbo. Texas nayo ina mtihani wake. Pamoja na hayo huja daktari wa mwili, daktari wa akili, na mara nyingi mashine ya kupimia uwongo.

Ukiyatazama hayo yote utadhani mlango ni mwembamba. Lakini angalia vizuri: mambo hayo karibu yote hupima mwili wake na maarifa yake. Anajua kulenga? Anajua sheria? Lililo kubwa kuliko yote, yaani alipokuwa na mamlaka juu ya watu aliyatumiaje, limeachiwa ofisa mmoja apige simu kwa ofisi ya zamani na kuuliza. Ofisi ya zamani ikijibu vizuri, heri. Ikijibu nusu, basi. Ikinyamaza, mambo yamekwisha.

Na kwa nini inyamaze? Sababu ziko, nasi twazijua.

Kwanza, mkuu wa polisi akiwa na askari mbaya, njia ndefu ni kumfungulia mashtaka ya nidhamu, kubishana na chama chake cha wafanyakazi, na pengine kushindwa mbele ya msuluhishi. Njia fupi ni kumwambia, “Andika barua ya kujiuzulu, nasi tutayaacha mambo haya.” Anaandika. Uchunguzi unakufa pale pale. Kwenye karatasi huyu hakufukuzwa. Ameondoka kwa hiari yake.

Pili, ofisi huogopa kesi. Mwanasheria wa mji humwambia mkuu wa polisi, “Ukiulizwa habari za mtu huyu, taja tarehe aliyoanza kazi na tarehe aliyoacha, usiongeze neno.” Hivyo mji mmoja hujiokoa kwa kuutia mwingine hatarini.

Tatu, kufukuzwa na idara si kunyang’anywa cheti. Hapo watu wengi hawaelewi. Mji ndio unaofukuza, lakini cheti ni cha jimbo. Mtu aweza kufukuzwa asubuhi, na jioni cheti chake kikawa kizima kama siku alipokipata. Hata mwaka 2020 yalikuwapo majimbo makubwa yasiyokuwa na uwezo wa kumnyang’anya askari cheti kwa mwenendo mbaya. California ilipata sheria hiyo mwaka 2021, Massachusetts Desemba 2020, na New Jersey mwaka 2022. Kinyozi wa California aliweza kunyang’anywa leseni yake ya kunyolea nywele, lakini mwenye bunduki alibaki na cheti chake!

Nne, kuna njaa ya askari. Miji hailipi sawa. Ile maskini haiwezi kumsomesha kijana miezi mingi chuoni na kumlipa mshahara, basi hutafuta aliyekwisha somea kwingine. Ile tajiri nayo hutoa zawadi kuwavuta. Mwaka 2022 Seattle ilikubali kumpa askari mzoefu atokaye idara nyingine mpaka dola 30,000. Florida mwaka huo huo ilianza kutoa dola 5,000 kwa kila askari mpya, na wa majimbo mengine wakakaribishwa kwa mikono miwili. Soko likiwa hivyo, muuzaji hasemi kasoro za mali yake, na mnunuzi haulizi sana.

Sasa tazameni matunda yake.

Katika Ohio uko mji mdogo uitwao Independence, jirani na mji mkubwa wa Cleveland. Mwaka 2012 polisi wa Independence walikuwa na kijana mwanafunzi wa uaskari, jina lake Timothy Loehmann. Mkubwa wake aliandika kwamba katika mazoezi ya kulenga shabaha kijana huyo alikuwa akilia, akili yake haikutulia, na hakuweza kufuata maagizo mepesi. Akasema haamini kwamba mafunzo yataibadili hali hiyo, akashauri aachishwe. Kabla hajaachishwa, mwezi wa Desemba 2012 kijana akajiuzulu. Mwaka 2014 Cleveland wakamwajiri, na faili lile hawakulisoma.

Tarehe 22 Novemba 2014 Tamir Rice, mtoto wa miaka 12, alikuwa akicheza na bunduki ya bandia katika uwanja wa watoto huko Cleveland. Mtu akapiga simu polisi. Gari la polisi likaja, na kabla hazijatimia sekunde mbili tangu lisimame, Loehmann akampiga risasi. Mtoto akafa siku ya pili yake.

Hapana mahakama iliyomtia hatiani askari huyo. Mwaka 2015 wazee wa baraza walikataa ashtakiwe, na mwaka 2020 serikali kuu nayo ikafunga uchunguzi wake bila mashtaka. Sisi si mahakama. Lakini mji wa Cleveland ulilipa dola milioni 6 kwa jamaa za mtoto mwaka 2016, na mwezi wa Mei 2017 ukamfukuza Loehmann. Ukamfukuza kwa kosa gani? Kwa kuwa alipoomba kazi hakusema ukweli wote jinsi alivyoondoka Independence. Yaani jambo ambalo Cleveland ilipaswa kulijua kabla ya kumpa bunduki, ilikuja kulitumia miaka miwili na nusu baada ya mtoto kuuawa.

Mnadhani ndiyo mwisho? Mwaka 2018 mji mwingine wa Ohio, Bellaire, ulimpa kazi, naye akajitoa kelele zilipozidi. Mwezi wa Julai 2022 akavuka mpaka. Tioga, mji mdogo katika jimbo la Pennsylvania wenye watu chini ya elfu moja, ukamwapisha. Watu walipojua ni nani, wakaja juu, naye akajitoa baada ya siku chache. Mwaka 2024 akavuka mpaka mwingine, akaajiriwa White Sulphur Springs, jimbo la West Virginia. Makelele tena, na mwezi wa Julai akaacha. Majimbo matatu, idara tano! Na kila mara waliomzuia walikuwa wananchi na magazeti. Hakuna ofisi iliyomzuia.

Na mkumbuke kwamba jina lake lilikuwa limekwisha enea dunia nzima. Ikiwa mtu wa namna hiyo aliweza kuapishwa katika mji usiokuwa wake, je, yule ambaye hakuna gazeti lililomwandika? Yule aliyempiga mfungwa akiwa na pingu, au aliyesema uwongo mbele ya hakimu, na mambo yakazimwa kwa barua ya kujiuzulu? Huyo hana wa kumpigia kelele.

Liko jambo la zamani zaidi, lilichapwa na gazeti la New York Times mwaka 2016. Askari mmoja wa Coquille, mji mdogo wa jimbo la Oregon, alitiwa hatiani mwaka 2005 kwa kumbusu mdomoni mtoto wa kike wa miaka 10. Hukumu ilimkataza asifanye tena kazi ya polisi. Miezi mitatu haikupita, akaajiriwa Cedar Vale, jimbo la Kansas. Hakuajiriwa kuwa askari wa doria, bali kuwa mkuu wa polisi! Kansas haikujua, kwa sababu haikuuliza vya kutosha, na Oregon haikuwa na njia ya kuifikia kila ofisi ya nchi nzima na kusema, “Jihadharini.”

Wapo watakaotwambia, “Hao ni wachache, msiwatie wote kapu moja.” Vema, na tuhesabu. Wanasheria wawili wasomi, Ben Grunwald na John Rappaport, walichunguza kumbukumbu za polisi wa Florida za miaka 30, askari wapatao 98,000, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Waliona kwamba katika kila mwaka, kwa wastani, askari kama 1,100 waliokuwa kazini Florida walikuwa wamekwisha fukuzwa na idara nyingine ya jimbo hilo. Hiyo ni karibu 3 katika kila 100. Wakaona tena kwamba watu hao, wakipewa kazi mpya, hufukuzwa tena na hushtakiwa kwa mwenendo mbaya zaidi kuliko askari wapya na kuliko wazoefu ambao hawajafukuzwa. Na wakaona kwamba huelekea kupata kazi katika idara zenye uhaba wa fedha, na mahali penye watu weusi na Walatini wengi kidogo zaidi. Maskini ndiye anayeletewa mali iliyokataliwa kwa tajiri. Je, hili ni jipya kwetu?

Tena hesabu hiyo ni ya jimbo moja tu, ambalo kumbukumbu zake ziko wazi. Ikiwa ndani ya jimbo moja, chini ya bodi moja, mambo ni hayo, basi mpakani ni giza kubwa zaidi. Katika Illinois mwezi wa Julai 2024 mama mmoja, Sonya Massey, alipiga simu mwenyewe kuomba msaada wa polisi, akauawa jikoni mwake na naibu wa sherifu aliyekuja kumsaidia. Mtu huyo alikuwa amepita idara sita katika muda wa miaka minne, zote za Illinois. Mwezi wa Oktoba 2025 alitiwa hatiani kwa kuua. Idara sita ziliweza kuulizana kwa simu bila kuvuka mpaka wowote. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na Illinois imejengewa ukuta juu ya kaburi.

Serikali zimefanya nini? Na tuwe wa haki, maana mwenye hoja ya kweli haogopi kutaja mema. Majimbo mengi yamekaza sheria tangu George Floyd alipouawa tarehe 25 Mei 2020. Pennsylvania ilitunga sheria mwaka huo huo ya kumtaka mwajiri aangalie kumbukumbu za askari kabla ya kumwajiri. Lakini Pennsylvania haiwezi kuilazimisha Ohio ifungue kabati. Liko daftari la nchi nzima la majina ya askari walionyang’anywa vyeti, linalotunzwa na chama cha wakurugenzi wa bodi za mafunzo ya polisi. Ni jambo jema. Lakini aliyejiuzulu akiwa na cheti chake kizima aweza asiwemo, na aliyemo hutajwa jina na hatua aliyochukuliwa. Faili lenyewe litafutwe lilipo.

Na serikali kuu? Mwezi wa Juni 2020 Rais Trump alitia sahihi amri iliyotaka pawe na daftari la kushirikiana habari za askari waliofukuzwa kwa ukatili. Mwezi wa Mei 2022 Rais Biden akatia sahihi amri yake badala ya ile, na Desemba 2023 daftari likafunguliwa, likawaandika askari wa serikali kuu tu. Januari 2025 Rais Trump akarudi, akaifuta amri ya Biden, na daftari likafungwa. Mswada uliobeba jina la George Floyd, ambao ungeweka daftari la taifa kwa sheria, ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2021 na kukwama katika Seneti. Marais wawili wa vyama viwili walitangaza kwamba daftari lahitajika, na leo daftari hilo halipo. Kilichoandikwa kwa kalamu ya mtu mmoja hufutwa kwa kalamu ya mwingine. Usalama wa watu usijengwe juu ya karatasi ya namna hiyo.

Sasa tuwajibu wapinzani wetu mmoja mmoja.

Wasema, “Askari ni wachache, mkikaza masharti, miji itakosa ulinzi.” Twajibu: mji wenye askari pungufu wawili una shida, mji wenye askari mmoja ambaye watu humkimbia badala ya kumkimbilia hauna polisi kabisa. Mama aliyesikia habari za Sonya Massey atafikiri mara mbili kabla ya kupiga simu. Na fedha? Dola milioni 6 zilizolipwa na Cleveland zingewasomesha vijana wangapi wema?

Wasema, “Binadamu hukosea, apewe nafasi ya pili.” Twakubali kwa moyo wote. Apewe nafasi ya pili dukani, shambani, kiwandani, ofisini. Hata polisi apewe, ikiwa kosa lake ni la uchelewaji au la uzembe mdogo, na mwajiri mpya amelijua na kulikubali mbele ya watu. Nafasi ya pili ni ile inayotolewa na anayejua. Inayoibwa kwa kuficha siyo nafasi, ni wizi. Na kazi ya kubeba bunduki na kuwaweka watu pingu si haki ya mtu. Ni dhamana ya umma.

Wasema, “Daftari litawaonea wasio na hatia, maana mkuu mwenye chuki ataandika uwongo.” Hilo ni la kweli, na dawa yake iko. Askari asomewe kilichoandikwa juu yake, ajibu, jibu lake liambatanishwe, na awe na mahali pa kukata rufani. Wako askari waliofukuzwa kwa sababu walifichua uovu wa wenzao. Hao ndio wa kwanza kuhitaji faili lililo kamili, kwa sababu fununu ya simu haina rufani.

Wasema mwisho, “Kila jimbo lina uhuru wake.” Uhuru wa kufanya nini? Wa kujitungia sheria zake, sawa. Uhuru wa kumtupia jirani hatari na kunyamaza siyo uhuru. Dereva wa Marekani akinyang’anywa leseni katika jimbo moja hawezi kwenda kupata nyingine jimbo la pili kwa urahisi, kwa kuwa majimbo yana daftari la pamoja la madereva. Wameweza kwa magari. Kwa nini wasiweze kwa bunduki?

Mimi ni mwalimu kwa mafunzo, na ninawapa mfano wa shuleni. Mtoto akihama shule, hata awe wa darasa la pili, mwalimu mkuu wa huko aendako humwuliza mzazi, “Barua ya uhamisho iko wapi? Ripoti yake iko wapi?” Bila hizo mtoto hukaa nje. Mtoto wa umri wa Tamir Rice hawezi kubadili dawati bila karatasi, na mtu mzima abadili jimbo na bunduki kiunoni kwa neno lake tu!

Tusisahau askari wema, nao ni wengi. Mtu aweza kutaka kuhama kwa sababu njema kabisa: mke amepata kazi kwingine, mama mzee ni mgonjwa, mshahara haumtoshi kulipa pango. Huyo hupata taabu. Cheo chake cha zamani huenda kikapotea, pensheni yake huenda isimfuate, na hukaa miezi akisubiri ofisi mbili zijibizane. Faili likihama kwa sheria, huyo ndiye atakayefaidi wa kwanza, maana sifa zake zitamtangulia. Samaki mmoja akioza wote wameoza. Anayeficha samaki mbovu ndiye anayeliharibia tenga zima soko.

Kwa vijana wetu walioko huko na waliojiunga na polisi, nasaha yetu ni hii. Mkitaka kuhama jimbo, msiache kazi kabla bodi ya huko haijawaandikia kwamba mafunzo yenu yatakubaliwa. Ombeni nakala ya faili lenu lote mkiwa bado kazini. Mkituhumiwa, msikubali kujiuzulu ili mambo yazimwe; kaeni uchunguzi ufike mwisho. Asiye na hatia akikimbia hujivika hatia, na mwenye hatia akikimbia huibeba kwenda kwa wengine.

Nasi wenyewe, ndugu, tusicheke ya wenzetu. Mara ngapi tumesikia, askari au karani au mwalimu akifanya ubaya, wakubwa wakisema, “Ahamishwe”? Hapelekwi mbele ya nidhamu. Hupelekwa wilaya ya mbali. Wananchi wa mjini hushangilia kwamba wamesikilizwa, na wananchi wa bara hupokea mzigo bila kuulizwa. Kumhamisha mbaya si kumwadhibu. Ni kuhamisha maumivu kutoka kwa wenye sauti kwenda kwa wasio na sauti. Mficha maradhi, kilio kitamfichua, hapa kama huko.

Basi yatakiwayo ni haya, nayo si mengi. Daftari moja la taifa, lililowekwa kwa sheria ya bunge lisifutwe kwa amri ya rais. Uchunguzi uendelee mpaka mwisho hata kama askari amejiuzulu. Mapatano yote ya siri ya kuficha sababu za kuondoka yawe batili. Mji wowote usimwapishe askari kutoka kwingine kabla haujalisoma faili lake zima, na jina lake litangazwe kwa wananchi kabla ya kiapo, siyo baada yake. Na ofisi itakayoficha ilipe pamoja na ile iliyoajiri, siku familia itakapokwenda mahakamani.

Ndugu zetu mlio Marekani na mnaopiga kura huko, mambo haya yako mikononi mwenu. Mikutano ya halmashauri za miji iko wazi. Nendeni mkaulize kwa sauti: askari huyu mpya ametoka wapi, na faili lake nani amelisoma? Watu wa Tioga waliuliza, na katika siku chache wakajibiwa. Ulizeni ninyi nanyi, kabla ya kiapo.